Lincoln Highway na Rekodi Zake

Tarehe 31 Oktoba 1913 Wamarekani walizindua Lincoln Highway, barabara ya magari ya kuikata nchi yao kutoka bahari hadi bahari. Tazama ilivyovunja rekodi, nzuri na mbaya.

1. Urefu wa kutisha
Kilomita 5,454, kutoka Times Square jijini New York hadi Lincoln Park, San Francisco, kupitia majimbo 13. Hiyo ni Nairobi–Mombasa mara 11, na chenji inabaki!

2. Juu kabisa
Kilele cha Sherman, Wyoming: mita 2,693. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala usiku wa kwanza Mandara, karibu kimo hicho hicho. Madereva wa barabara hii walifika wameshika usukani.

3. Msafara wa kobe
Hapa ndipo penye utamu. Tarehe 7 Julai 1919 jeshi liliondoka Washington na magari 81, likaifuata barabara hii, likaingia San Francisco baada ya siku 62. Mwendo wa wastani: kilomita 9 kwa saa. Marehemu Kelvin Kiptum, alipovunja rekodi ya marathoni Chicago mwaka 2023, alikwenda karibu kilomita 21 kwa saa. Kwa miguu! Wala kosa halikuwa la madereva. Madaraja na makalvati 88 yalivunjika chini ya malori, wanajeshi wakayatengeneza wenyewe ndipo wapite. Huko jangwani Utah magari yalizama mpaka askari wakayavuta kwa kamba.

4. Ushauri bora
Kitabu cha mwongozo cha 1916 kilikadiria safari ya siku 20 hadi 30, kikataka ubebe koleo, shoka, jeki na minyororo ya matairi. Onyo la mwisho: usivae viatu vipya. Mwandishi alijua utashuka kusukuma.

5. Bahili namba moja
Henry Ford. Carl Fisher, mwenye wazo la barabara, alichangisha wenye viwanda akilenga dola milioni 10. Ford akagoma, akisema barabara ni kazi ya serikali na kodi. Hoja yake ndiyo iliyoshinda.

6. Mtoto mkubwa kuliko mama
Katika msafara wa 1919 alikuwemo ofisa kijana, Dwight Eisenhower. Mwaka 1956, akiwa Rais, alitia saini sheria ya mtandao wa barabara kuu wa kilomita 66,000: Lincoln Highway mara 12!