Safari za Kifahari katika Nchi ya Waamazigh

Kati ya jiji la Marrakech na matuta ya mchanga ya Erg Chebbi, karibu na mpaka wa Moroko na Algeria, kuna takriban kilomita 560 za barabara ambazo gari lisilosimamasimama huzimaliza kwa saa tisa au kumi. Njia hiyo hupanda milima ya Atlas ya Juu, hushuka katika mabonde makavu yenye mashamba ya mitende, hupita mbele ya ngome za udongo, na kuishia pale lami inapokutana na mchanga. Ndiyo njia ambayo imestawisha biashara ya safari za kifahari za barabara, yaani safari ambazo watu wachache, mara nyingi wanandoa au familia moja, hukodi gari na dereva wao wenyewe, hulala katika hoteli ndogo ambazo zamani zilikuwa ngome au katika kambi za mahema jangwani, na kujipangia mahali pa kusimama na muda wa kukaa. Moroko ilipokea watalii milioni 17.4 mwaka 2024, ikazitangulia nchi nyingine zote za Afrika, na ingawa wengi wao huishia mijini na ufukweni, wale wanaovuka milima kwa gari la kukodi huacha fedha nyingi katika maeneo ambayo hayana viwanda wala bandari.

Matangazo ya biashara hii husifu zaidi gari lenyewe, ambalo aghalabu ni Toyota Land Cruiser, gari ambalo Watanzania walikwisha kulipa jina la shangingi, au basi dogo la Mercedes lenye viti vya ngozi na friji ya maji. Sifa hizo ni za kweli lakini hazigusi kiini cha jambo. Anayelipa zaidi katika njia hii ananunua muda. Safari ya kundi iliyozoeleka huchukua siku tatu kwenda Merzouga, kijiji kilicho chini ya matuta ya Erg Chebbi, na kurudi Marrakech, jumla ya zaidi ya kilomita 1,100, kiasi kwamba mgeni hupandishwa ngamia jioni, hulala, huamshwa alfajiri na kurudishwa garini, na mwishowe huwa amekaa kitini muda mrefu kuliko aliokaa jangwani. Mwenye gari lake anaweza kuigawa njia hiyohiyo kwa siku tano au sita, au asirudi nyuma kabisa bali aendelee kaskazini hadi Fes kupitia bonde la Ziz na misitu ya mierezi ya Azrou, ambako bado wanaishi nyani wasio na mkia wa Afrika Kaskazini.

Tofauti hiyo huonekana mapema, katika mlima wenyewe. Barabara kuu huvuka Atlas kwenye pito la Tizi n'Tichka, lenye urefu wa mita 2,260 juu ya usawa wa bahari, ambalo lilifunguliwa na jeshi la Ufaransa mwaka 1936 na ambalo hadi leo hufungwa nyakati fulani za baridi kwa sababu ya theluji. Kabla ya hapo misafara ya ngamia na nyumbu ilipita upande wa mashariki, katika kijiji cha Telouet, na ukoo wa Glaoui, uliotawala njia hiyo, ulitajirika kwa ushuru wa misafara. Thami El Glaoui, mkuu maarufu zaidi wa ukoo huo, alikuwa pasha, yaani gavana, wa Marrakech tangu 1912. Alishirikiana na Wafaransa, akaunga mkono hatua yao ya kumwondoa Sultani Mohammed V nchini mwaka 1953, akaishi kumwona sultani huyo akirejea, na akafariki Januari 1956, wiki chache kabla ya uhuru. Mali za ukoo zilitaifishwa na ngome ya Telouet ikaachwa ibomoke. Mgeni anayeingia leo hupita katika kuta za udongo zilizoporomoka, kisha ghafla hujikuta katika ukumbi wenye vigae vya rangi vilivyopangwa kwa mkono na dari ya mierezi iliyochorwa maua, na dirishani huyaona magofu ya majiko na mazizi yaliyokuwa yakiulisha ukumbi huo. Mabasi ya makundi kwa kawaida hayaendi Telouet, kwa kuwa barabara yake, inayofuata mto Ounila hadi Aït Benhaddou, ni nyembamba na hula muda. Kwa uamuzi wa mwandishi huyu, kipande hicho kifupi kina thamani zaidi kuliko usiku wa pili katika kambi yoyote ya jangwani.

Aït Benhaddou, palipo mwisho wa bonde hilo, ni ksari, neno linalotaja kijiji kizima kilichozungushiwa ukuta, ilhali kasba ni nyumba-ngome ya familia moja yenye madaraka. UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987, na wapiga filamu walikuwa wamekwisha kuigundua zamani, wakati wa *Lawrence of Arabia* ya mwaka 1962, wakaendelea kuitumia, kama katika *Gladiator* ya mwaka 2000. Kuta zake zimejengwa kwa udongo wenye unyevu kidogo, uliochanganywa na changarawe, ukatiwa ndani ya fremu ya mbao na kushindiliwa kwa mchi mzito, kisha fremu ikasogezwa na kazi ikaanza upya, safu juu ya safu. Ukuta wa namna hiyo huzuia joto mchana na huuachilia taratibu usiku, lakini adui yake ni mvua, kwa hiyo nyumba isiyokaliwa na isiyosiribwa kila baada ya masika huyeyuka mbele ya macho ya wenyewe. Familia nyingi zimehamia ng'ambo ya mto kwenye umeme na barabara, na kinachozifanya baadhi ya kuta zisimame ni ada za wageni na mapato ya filamu. Hoteli za kifahari zimerithi ufundi huohuo na kuupamba: kuta za vyumba vya kuogea hupakwa tadelakti, plasta ya chokaa inayosuguliwa kwa jiwe laini na sabuni nyeusi ya mzeituni mpaka maji yasipenye, kazi ambayo fundi wa chokaa wa Lamu au Zanzibar angeielewa bila mkalimani.

Wenyeji wa milima na mabonde haya ndio wanaoitwa Waberiberi katika vitabu vingi, ingawa wao hujiita Imazighen, na kwa Kiswahili huandikwa pia Waamazigh. Walikuwapo Afrika Kaskazini karne nyingi kabla ya majeshi ya Waarabu kufika katika karne ya 7, wakaupokea Uislamu, na wakaanzisha dola kubwa, ikiwamo ile ya Almoravidi iliyoijenga Marrakech katika karne ya 11. Lugha yao ina lahaja kuu tatu nchini Moroko, na kwa miongo mingi baada ya uhuru haikufundishwa shuleni wala kuandikwa katika nyaraka za serikali. Mambo yalibadilika pole pole: taasisi ya kifalme ya utamaduni wa Kiamazigh iliundwa mwaka 2001, maandishi ya Tifinagh yalikubaliwa rasmi mwaka 2003, katiba ya mwaka 2011 ikaifanya lugha hiyo kuwa rasmi pamoja na Kiarabu, na mwaka 2024 sikukuu ya mwaka mpya wa Kiamazigh iliadhimishwa kwa mara ya kwanza kama siku ya mapumziko ya kitaifa. Msafiri huyaona mabadiliko hayo kwenye mabango ya shule na ofisi, ambako maandishi ya Tifinagh, yenye duara, misalaba na mistari, husimama kando ya yale ya Kiarabu.

Ni muhimu kuyajua haya kwa sababu lugha ya mauzo ya safari hizi hupenda kuwaonyesha Waamazigh kama watu ambao wakati umewasahau. Nje kidogo ya Ouarzazate, mji uliopo katikati ya njia, kuna kituo cha Noor, mojawapo ya mitambo mikubwa ya umeme wa jua duniani, chenye uwezo wa megawati 580, ambacho vioo vyake huonekana kutoka mbali kama ziwa. Vilevile Waaït Atta, kabila la Kiamazigh la wafugaji wanaohama na mifugo kati ya mlima Saghro na malisho ya juu ya Atlas, walipigana na Wafaransa katika majabali ya Bougafer mapema mwaka 1933 chini ya Assou Oubasslam, na hawakusalimu amri mpaka walipokatiwa maji na kupewa masharti waliyoweza kuyakubali. Wana pia utaratibu wa agdali, ambao kwao baraza la kabila hulifunga eneo la malisho katika miezi ya majani machanga na kulifungua kwa siku moja iliyotangazwa kwa wote, ili nyasi zipate kukua na kutoa mbegu. Dereva anayetoka katika kabila hilo anaweza kueleza hayo yote njiani, lakini sheria ya Moroko hutofautisha dereva na mwongoza wageni, na mijini au katika majengo ya kihistoria anayeruhusiwa kuongoza ni mwenye leseni ya kazi hiyo.

Mashariki zaidi, baada ya mabonde ya waridi ya Kelaat M'Gouna na magenge ya Todra yenye kuta za mawe zinazofikia mita 300, nchi hukauka na kuwa tambarare. Kando ya barabara huonekana safu za vichuguu vya udongo vilivyotoboka katikati, na hivyo ni midomo ya khetara, yaani mifereji iliyochimbwa chini ya ardhi kwa mteremko mdogo ili kuyaleta maji ya mlimani hadi mashambani bila pampu na bila kupotezwa na jua. Mingi imekauka kwa sababu ya ukame na kwa sababu pampu za visima virefu zimeyashusha maji ya chini. Kambi ya kifahari yenye bafu katika kila hema hunywa maji ya nchi hiyohiyo.

Karibu na mji wa Rissani yapo magofu ya Sijilmasa, mji ulioanzishwa mwaka 757 na uliokuwa lango la dhahabu iliyotoka Afrika Magharibi. Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier ambaye mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa, alipita Sijilmasa miaka 20 baadaye akielekea Mali, akanunua ngamia na kuwalisha kwa miezi kadhaa kabla ya kuondoka na msafara Februari 1352. Watumwa nao walivushwa jangwa hilo, na katika kijiji cha Khamlia, kusini mwa Merzouga, wanaishi wazao wao, wenye muziki wa Gnawa ambao UNESCO iliutambua mwaka 2019. Wageni wengi huletwa hapo kwa nusu saa, hucheza ngoma, hununua rekodi na kuondoka bila kuambiwa watu hao walifikaje.

Swali zito zaidi ni mahali fedha zinapokwenda. Ziara ya nyumbani kwa mfugaji huanza na chai: chai ya kijani kutoka China, mnanaa, na bonge la sukari lenye umbo la pia linalovunjwa kwa nyundo ndogo, kisha birika huinuliwa juu na chai kumiminwa toka mbali ili itoe povu, na mwenyeji huionja kwanza na kuirudisha birikani mpaka iive sawasawa. Kama familia hiyo imelipwa na wakala, na kiasi gani, mgeni hajui asipouliza. Katika maduka ya mazulia hali ni ileile, kwa kuwa madereva na waongoza wageni wengi hupata kamisheni ya kila kinachouzwa, nayo huongezwa katika bei, ilhali mwanamke wa mji wa Taznakht aliyekaa miezi mbele ya kitanda cha kufumia hupata sehemu ndogo. Vyama vya ushirika vya wafumaji, ambavyo huandika jina la mfumaji kwenye zulia, vimepunguza tatizo hilo bila kulimaliza.

Ipo mifano mizuri. Katika bonde la Imlil, chini ya mlima Toubkal, hoteli ya Kasbah du Toubkal hutoza wageni asilimia 5 ya ziada kwa ajili ya chama cha wanavijiji, na shirika la Education for All, lililoanzishwa mwaka 2007, huendesha mabweni yanayowawezesha wasichana wa milimani kusoma sekondari mbali na kwao. Hata hivyo, tetemeko la ardhi la tarehe 8 Septemba 2023, lenye ukubwa wa 6.8, liliua karibu watu 3,000, wengi wao katika vijiji vya mkoa wa Al Haouz, lilipo bonde hilo, na lilidhihirisha umbali uliopo kati ya hoteli yenye bima na nyumba ya udongo isiyo nayo: hoteli ya Kasbah Tamadot ya tajiri Mwingereza Richard Branson ilifunguliwa tena mwaka uliofuata, wakati familia nyingi zilikuwa bado kwenye mahema.

Anayekusudia kwenda achague miezi ya Machi hadi Mei au Septemba hadi Novemba, kwa kuwa kiangazi joto la Merzouga huvuka nyuzi 40 na usiku wa Desemba hukaribia kuganda. Na kabla hajalipa, amwombe wakala amwonyeshe leseni ya gari ya usafiri wa kitalii, amtajie dereva ni mwenyeji wa wapi na analala wapi usiku, na ampe kwa maandishi kiasi kinacholipwa kila nyumba atakayoingia kunywa chai.