Kipili: Kula Bata Ziwani Bila Kwenda Zenji

Muulize kijana yeyote wa Kizwite, hapa Sumbawanga, siku akishika mkwanja wa maana ataenda kula bata wapi. Jibu linatoka chap: Zenji. Nungwi, Paje, shuka nyeupe, dafu mkononi, picha ya miguu kwenye mchanga. Poa, Zenji ni kali na mimi naikubali. Ila kutoka Sumbawanga mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,100, hapo boti bado hujapanda. Wakati huohuo, ndani ya mkoa wetu huuhuu, upande wa magharibi, kuna maji ya bluu ambayo siku ya ukungu huoni ng'ambo yake, kuna mchanga, kuna visiwa, na kuna hoteli ndogo ya kishua inayopokea watu waliounganisha ndege kutoka Ulaya ili waje kutulia pale. Sisi majirani hatuendi. Hilo linaniuma kinoma.

Naongelea Kipili, wilaya ya Nkasi, ufukwe wa Ziwa Tanganyika. Hoteli yenyewe inaitwa Lake Shore Lodge. Wageni wengi wanaipitia wakiwa kwenye mzunguko wa Katavi na Mahale: wameona viboko kule, wanaenda kuona sokwe huku, katikati wanapumzika Kipili. Ramani za watalii zinaijua vizuri kuliko vijiwe vyetu.

Tulijikusanya wana wa kitaa, tukachanga mdogomdogo, tukakodi Noah. Kizwite asubuhi ya mwezi wa saba mnaijua: tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, baridi inang'ata masikio, bodaboda wamevaa makoti mawilimawili, kwenye chai kila mtu kakumbatia kikombe. Mnapita Chala, mnapita mashamba yaliyovunwa, magunia ya mahindi yamepangwa kando ya barabara yakisubiri fuso. Namanyere mnakunywa soda. Baada ya hapo ardhi inaanza kushuka na nguo zinaanza kuvuliwa. Koti, sweta, kofia ya sufu. Ziwa liko mita kama 770 tu, yaani mnashuka karibu kilomita moja nzima kwenda chini, na joto linapanda kila mnapokata kona. Mnafika Kipili na fulana, mikono yenu inaona jua kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano.

Kuna mwanetu mmoja tulisoma naye sekondari, sasa hivi yuko Kirando, mvuvi wa dagaa. Tulimpitia. Alijua tumekuja kumsalimia tu, tukamwambia panda, na wewe umechangiwa. Akasita. Pale lodge yeye anapajua kwa mlango wa jikoni. Ameshapeleka samaki kibao, kuhe na migebuka, anapimiwa, anapokea chake, anasepa. Mlango wa mbele hajawahi kuupita.

Tulipofika, mama mmoja wa jikoni akamuona. Akatabasamu, akamuuliza, "Mwanangu, leo samaki wako wako wapi?"

Mchizi akajibu, "Shikamoo shangazi. Leo sijaleta samaki. Nimekuja kulala."

Yule mama alinyamaza kidogo, halafu akamshika mkono. "Marahaba. Karibu mwanangu, karibu sana. Basi leo utakula wewe."

Wana, pale ndipo nilipouelewa mchezo wote. Sisi watu wa Ufipa tumezoea kupeleka. Mahindi tunapeleka, maharage tunapeleka, samaki tunapeleka, nguvu zetu tunapeleka Tunduma, Mbeya mpaka Dar. Raha ya mahali petu tumewaachia wengine, na hakuna aliyetukataza. Tumejikatalia wenyewe kwa kuamini kwamba lodge ni ya wazungu na ziwa ni la kazi. Mchizi anaingia ziwani karibu kila wiki ya maisha yake, na hakuwahi kulikalia kitako mchana, mikono mitupu, bila kuwaza nyavu.

Sasa ukishua wenyewe ukoje? Pale kuna ngazi tatu: chalet ndiyo za juu kabisa, zinalitazama ziwa; kuna mabanda ya bei ya kati; na kuna sehemu ya kupiga hema kwa wenye mfuko mwepesi. Usidharau hema. Ufukwe ni uleule, maji ni yaleyale, jua linazamia Kongo kwa wote. Sisi tuligawana mabanda. Kitanda kipana, neti imening'inia safi, shuka zimenyooka mpaka unaona aibu kukaa na suruali ya safari. Ila kilichonidatisha kuliko kitanda ni uchache wa watu. Hoteli kubwa ya ghorofa unakuwa namba ya chumba. Hapa jioni ya kwanza tu jikoni wanajua nani hali pilipili na nani anataka ugali badala ya viazi. Sisi tulibeba spika ya kutikisa kitaa. Ilikaa kwenye begi mpaka tunarudi, na hakuna aliyetuambia tuizime. Ukishasikia mawimbi ya Tanganyika usiku, muziki unakuwa kelele.

Asubuhi ni maji. Wanakupa kayak, unapiga kasia taratibu kandokando ya mawe, au unavaa miwani ya kuogelea unazamisha uso. Hapo ndipo utajua kwa nini watu wanakata tiketi za bei mbaya. Maji ni mang'avu mpaka unaona mawe mbali chini, na kila jiwe lina samaki wake: wenye milia, wenye rangi ya chungwa, wadogo wanaochungulia kwenye mipasuko kama wanakagua nani kaja. Wengi wao hawapatikani popote duniani nje ya ziwa hili. Na hii sikilizeni: wafugaji wa samaki wa mapambo Ulaya na Marekani wanalijua jina la Kipili. Kuna samaki anaitwa Julidochromis regani, mwembamba, mwenye milia ya urefu, anauzwa kwenye maduka yao akiwa ameandikiwa "Kipili" pembeni, kwa sababu kila upande wa ziwa una aina yake na wao wanataka yule wa kwetu. Mtu wa Berlin ana kipande cha Nkasi sebuleni kwake, na mtoto wa Kizwite hajawahi kumuona samaki huyo akiwa kwao.

Ziwa lenyewe ni mnyama. Urefu kilomita 673, kina mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal kule Urusi. Nchi nne zinaligawana: sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Lina umri wa mamilioni ya miaka, ndiyo maana samaki wake wamepata muda wa kuwa wa aina zao wenyewe. Linataka heshima pia. Mamba wapo, viboko wapo, na upepo ukibadilika mawimbi yanakuwa ya bahari kabisa. Uliza wenyeji pa kuogelea, na wakisema hapa hapana, ni hapana.

Usiku wa kwanza ulikuwa wa giza totoro. Tumeshiba kuhe wa kuchoma, tumekaa nje, mara tunaona taa moja mbali majini. Halafu nyingine. Baada ya muda kidogo ziwa lote mbele yetu limewaka kama mji. Wana wanaulizana, ile ni Kongo? Mchizi akacheka, akaanza kutupa darasa. Ile si Kongo, ile ni ofisi yake. Dagaa wanafuata mwanga, kwa hiyo wavuvi wanashusha taa juu ya maji, wanasubiri dagaa wajae chini yake, halafu wavu unapandishwa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, unashinda usiku unapampu na kulinda utambi wake. Siku hizi ni taa za betri, zinachajiwa kwa sola mchana. Mbalamwezi ikiwa kali wanalala nyumbani, maana mwanga wa mwezi umetapakaa kila mahali na dagaa hawakusanyiki. Kwa hiyo ukitaka kuona mji wa taa, panga safari yako giza la mwezi. Ukitaka kuona visiwa vimemwagiwa mwanga wa fedha, nenda mwezi mpevu, ila taa hutaziona.

Akaendelea. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu bila taa hata moja. Kwa mvuvi ilikuwa ngumu, lakini anasema kupumzisha ziwa ni haki yake ziwa, kwa sababu mavuno yamepungua na wao ndio wa kwanza kuliona. Hakuna aliyekuwa anachezea simu. Mtu aliyekuwa anaingilia mlango wa jikoni ndiye aliyekuwa mwenyeji wetu usiku ule, na hata wageni wa meza ya jirani walisogeza viti wakaomba tuwatafsirie.

Mzee mmoja wa pale alitukumbusha pia Liemba. Hiyo meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande mpaka Kigoma ikiitwa Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916 ili isichukuliwe, Waingereza wakaiibua 1924, na tangu 1927 ikabeba abiria kwa jina la Liemba. Kipili ilikuwa inasimama majini tu, mitumbwi inaifuata usiku, watu wanapanda na magunia na watoto mgongoni. Safari zile zilikuja kusimama, na wazee wa mwambao wanaizungumzia kwa upendo wa ndugu aliyeko hospitali.

Narudi kwa Zenji, kwa sababu najua kuna mwana anasema bado bahari ni bahari. Sawa. Nenda kaangalie hoteli ndogo zinazosifiwa kule. Kisiwa cha Chumbe, jirani kabisa na Unguja, kina mabanda 7 tu na kinapokea wageni tangu 1998. Maji ya kuoga ni ya mvua iliyovunwa na mapaa yenyewe, umeme ni wa jua, na chini ya maji kuna matumbawe yaliyolindwa yasivuliwe. Pemba, hoteli ya Manta ina chumba kinachoelea baharini tangu 2013, kitanda kiko chini ya maji, samaki wanapita dirishani, na usiku mmoja unazidi dola 1,000. Ukipiga picha kamili, kinachouzwa sehemu zote mbili ni utulivu, maji safi, samaki hai na watu wachache wanaokujali. Vyote hivyo viko Kipili, na nauli yake ni ya Noah.

Kwa upande wa mkwanja, msiogope, jipangeni. Lodge nyingi nchini zina bei ya wageni wa nje na bei ya wakazi, kwa hiyo unapopiga simu neno la kwanza baada ya salamu liwe: bei ya wakazi ni shilingi ngapi? Usione noma kuuliza, ni haki yako. Msimu wa watalii wengi, wa mwezi wa saba na wa nane, weka nafasi mapema. Nje ya hapo kunakuwa na upenyo. Sisi tulitumia mtindo wa kikoba: kila jumapili buku tano kwa mweka hazina, na mweka hazina ni dada, kwa sababu sisi wengine hela ikikaa mfukoni inaota mbawa. Anayeendesha boda anaweza, anayeuza mitumba anaweza. Hela ileile inayoishia kwenye bia za wikendi mbili tatu inakupa usiku ambao utausimulia mpaka uzeeni.

Na wale wa Kirando na Kipili wanaomaliza shule wanione hapa. Kuna Chuo cha Taifa cha Utalii. Mkoa wetu una hili ziwa, una maporomoko ya Kalambo yenye zaidi ya mita 200, na Katavi iko jirani. Hoteli ndogo za namna hii zitaongezeka. Nataka siku moja nipokewe na meneja aliyekulia Kirando, na mwongozaji wa kupiga mbizi aliyejifunza kuogelea palepale kabla hajajua kusoma. Mchizi wetu ameshaanza kuuliza mambo ya kuchukua wageni kwa mtumbwi jioni wakaone taa kwa karibu, walipie. Lile ni wazo la hela, na ujuzi wake hauna chuo, anao tayari.

Raundi ijayo tunawapeleka maza zetu. Wamelima mahindi na ulezi Ufipa maisha yao yote, na wengi wao ziwa wanalijua kwa dagaa wa sokoni. Dada mweka hazina ameshafungua daftari jipya, majina yamejaa ukurasa. Bi mkubwa wangu kakubali kwa sharti moja: ugali wa ulezi uwepo mezani. Unga tutabeba wenyewe.