Vinasaba si vya upande mmoja

Yapo maneno ya kitabibu yanayoweza kuvunja ndoa kwa sababu tu yamesikika vibaya. Juma hili nimechagua moja, nalo ni "vinasaba".

Mama anajifungua Moshi mjini, au huko juu Marangu, na mtoto anatoka mweupe, nywele zake rangi ya nyasi kavu. Daktari anasema huu ni ualbino, ni mambo ya vinasaba, ni ya kurithi. Amesema kweli. Lakini shangazi wa mtoto akisikia "nasaba" anaelewa ukoo, na ukoo Uchagani hufuata baba: Massawe huzaa Massawe. Basi hesabu inapigwa palepale. Kwetu hajapata kuzaliwa wa namna hii, kwa hiyo ameletwa na mwanamke. Haupiti muda, mama anarudishwa kwao na mtoto wake.

Neno lenyewe ni zuri, na aliyelitunga nampongeza, ila lina mtego. Nasaba ya ukoo ni ya upande mmoja. Vinasaba ni vya pande mbili. Wala havigawiwi kama kihamba, ambacho mmoja hupewa na mwingine akakosa. Kila mtoto, wa kike kwa wa kiume, hupewa maelekezo ya kutengeneza rangi ya ngozi katika nakala mbili: moja ya baba, moja ya mama.

Tuseme nakala moja ina kasoro. Nyingine ikiwa nzima, mwili huifuata hiyo na kutengeneza rangi, iitwayo melanini, kama kawaida. Mtu wa namna hii madaktari humwita mbebaji, neno ambalo nalo hutisha bure. Hana ugonjwa, hana dalili, anaweza kufika miaka 90 bila kujua. Mtoto huzaliwa na ualbino pale ambapo nakala zote mbili alizopewa zina kasoro. Yaani baba naye ametoa yake. Hilo ndilo ningependa kila mama mkwe alisikie.

Na wabebaji si wachache. Makadirio yanayotajwa sana kwa Tanzania ni mtu 1 mwenye ualbino katika kila watu 1,400. Ukipiga hesabu kutoka hapo, mbebaji anakuwa takriban 1 katika kila watu 20. Panda Hiace ya Moshi kwenda Himo. Ikijaa, na hujaa kweli, huenda humo ndani yumo mmoja. Huenda ni kondakta. Huenda ni wewe. Watafiti waliotoa matokeo yao mwaka 1995 walikuta kwamba Watanzania wengi wenye ualbino waliochunguzwa wana kasoro ileile: kipande cha kinasaba kimekatika na kupotea. Kasoro hiyohiyo imekutwa Afrika Kusini na Kameruni. Ni ya kale kuliko ukoo wowote wa Kibosho au Machame.

Jambo jingine linalosikika vibaya ni "1 katika 4". Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, ndiyo nafasi ya mtoto kuzaliwa na ualbino. Wengi huelewa kwamba wakishampata mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. La hasha! Kwa kila mimba ni kama baba na mama wanarusha upya kila mmoja sarafu yake, na sarafu haijui ilivyoanguka mwaka juzi. Wapo wanaopata wawili mfululizo, na wapo wenye watoto sita bila hata mmoja.

Sasa, melanini si pambo. Hukinga ngozi na jua, na jicho nalo huihitaji ili lione vizuri. Ndiyo maana mtoto mwenye ualbino hasomi maandishi ya ubaoni akiwa nyuma. Mwalimu amkalishe mbele kabla hajamwita mzito. Saratani ya ngozi ndiyo adui yake mkubwa. Pale KCMC kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, na hapo ndipo yalikoanza kutengenezwa mafuta ya kukinga jua ya Kilisun. Mafuta, kofia pana na mikono mirefu vianze tangu utotoni, hata siku zile ambazo kilele cha Kibo hakionekani, kwa maana miale inayounguza hupenya mawingu.