Kuruka juu pekee hakutoshi

Kabla ya timu za NBA kuchagua wachezaji wapya, vijana hupimwa mruko: kwanza bila kupiga hatua, kisha kwa kukimbia. Kipimo chenyewe ni cha zamani. Mmarekani Dudley Sargent alikieleza mwaka 1921. Magazeti hukipenda. Kocha hakimwambii mengi, kwa sababu wawili wanaweza kuruka sentimita 70 sawasawa, huku mmoja akitumia miguu yote miwili na mwingine mguu mmoja ukimbebea mwenzake mzigo.

Ndiyo maana maabara za michezo huweka mabamba mawili sakafuni, kila mguu na lake, yanayosoma nguvu hata mara 1,000 kwa sekunde. Mchezaji hushika kiuno, hushuka ghafla, huruka na kutua. Mstari kwenye kompyuta huporomoka anapojiachia, hupanda anapofunga breki, kisha huwa sifuri akiwa hewani. Akikaa hewani sekunde 0.6, ameruka kama sentimita 44. Wajanja hukunja magoti ili wachelewe kutua, wakajiongezea urefu wa bure.

Mashine ya isokinetiki ni habari nyingine. Mchezaji hufungwa mikanda kitini, akaambiwa anyooshe goti kwa nguvu zote. Hata akaze vipi, mguu hauzidi kasi iliyopangwa, mara nyingi digrii 60 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, misuli ya nyuma ya paja hutarajiwa kufikisha takriban asilimia 60 ya nguvu za ile ya mbele. Ni kipimo safi, ila hakuna anayecheza kikapu akiwa amekaa.

Kwa maoni yangu, kinachostahili kutazamwa zaidi ni breki. Kituo cha P3 cha Santa Barbara, California, kimewapima wachezaji wengi wa NBA. Mmoja wao, Luka Dončić, hakung'ara huko kwa kuruka. Aling'ara kwa kusimama ghafla, na hapo ndipo beki wake hupitiliza.

Asiye na mashine ana futi kamba: mchezaji aruke mbele kwa mguu mmoja na kutua kwa huohuo, kisha kwa mwingine. Aliyepasuliwa goti hutakiwa afikishe walau asilimia 90 ya mguu mzima kabla ya kurudi uwanjani. Tatizo ni kwamba, katika miezi ya kukaa nje, hata huo mguu mzima hunywea, na asilimia 90 ya mguu ulionywea si nyingi.