Silabi au Neno Zima?

Mwalimu, bila shaka umewahi kumsikia mwanafunzi wa sekondari akisoma kifungu cha ufahamu kwa sauti bila kukwama, kisha ukimwuliza maana anatazama chini. Tatizo hilo huanzia darasa la kwanza, kwa hivyo mjadala wa mbinu unakuhusu hata wewe unayefundisha fasihi.

Wapo wanaoshikilia silabi: ba, be, bi, bo, bu. Wengine hupendelea neno zima. Mbinu hii ya pili husaidia katika Kiingereza, ambacho tahajia yake haitabiriki. Katika Kiswahili huishiwa nguvu mapema. Chukua mzizi -som-: anasoma, hatusomi, wasiposoma, kilichosomwa. Mtoto atakariri maumbo mangapi? Mradi wa Tusome, ulioanza katika shule za umma mwaka 2015, ulijengwa juu ya sauti za herufi na silabi, na kwa maoni yangu haukukosea.

Hata hivyo, silabi hazifundishi maana. Ukitoka Awendo mjini, penye kiwanda cha sukari na watu wa makabila mengi, watoto wengi huzungumza Dholuo nyumbani, lugha isiyo na sauti sh wala z. Mtoto akisema "sina" palipoandikwa "shina", usiharakishe kumhukumu. Mwulize: ni sehemu ya mti, au ni kukosa kitu? Akitaja mti, amesoma. Kilichobaki ni matamshi. Asipojua, msamiati wake ndio haba, na kumrudisha kwenye ba, be, bi hakutamfaa.

Nawe mtahiniwa, funika kifungu, kisha ueleze ulichosoma, hata kwa Dholuo.