CHUO CHA AKIBA: TAFUTA MAPEMA MAHALI AMBAPO UTAWEZA KUMALIZA MASOMO



Habari hii ni kwa familia za Rumonge na za pwani yote ya ziwa, kuanzia Kabezi hadi Nyanza-Lac, zenye mtoto aliyemaliza shule ya sekondari au anayekaribia kumaliza. Inawahusu wakimbizi waliovuka ziwa kutoka Fizi na Uvira. Inawahusu pia Warundi waliorejea kutoka kambi za Tanzania.

Vijana wengi wakishapata diploma huandika jina la chuo kimoja na kuomba kwa mfadhili mmoja, kisha wanangoja. Jibu likiwa hapana, mwaka umekwisha. Wako waliongoja miaka miwili na zaidi, huku wakivua ndagala au wakibeba madumu ya mawese, na diploma inakaa sandukuni. Kazi hizo ni za heshima. Tatizo ni kwamba kijana hakuzichagua. Alibaki nazo kwa sababu hakuwa na mpango wa pili.

Mpango wa pili ndio tunaouita chuo cha akiba. Ni chuo ambacho una hakika ya kupokelewa, kinafundisha kitu unachokubali kusoma, na familia inaweza kukilipia mpaka mwisho hata kama hakuna mfadhili atakayejibu. Watu hulisahau hilo la mwisho. Chuo kinachokupokea leo na kukufukuza mwaka wa pili kwa sababu ya deni si chuo cha akiba.

WAKIMBIZI: UFADHILI WA DAFI

Ufadhili unaojulikana zaidi kwa wakimbizi ni DAFI. Ulianzishwa mwaka 1992 kwa fedha za Serikali ya Ujerumani, na unasimamiwa na HCR. Ni kwa masomo ya shahada ya kwanza katika nchi uliyokimbilia. Husaidia ada, vitabu, chakula, usafiri na makazi. Mwombaji lazima awe mkimbizi aliyesajiliwa, amemaliza sekondari kwa alama nzuri, na hana njia nyingine ya kujilipia.

Ni ufadhili mzuri, lakini nafasi ni chache kuliko waombaji, na idadi yake hutegemea fedha za mwaka. Mwaka 2019 HCR na washirika wake waliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 wakimbizi 15 katika kila vijana 100 wawe katika elimu ya juu. Mwaka 2023 walikuwa wapatao 7. Kwa hiyo omba DAFI kwa bidii, lakini usiihesabu kuwa akiba yako.

Wengine husikia habari za programu ya WUSC, ambayo tangu mwaka 1978 inapeleka wanafunzi wakimbizi Kanada. Programu hiyo huchukua watu waliosajiliwa katika nchi fulani zilizochaguliwa, kama Kenya na Malawi. Tafadhali usiondoke Burundi kwenda kutafuta nafasi hiyo. Unaweza kupoteza usajili wako wa hapa bila kupata ule wa kule.

Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Burundi iliukubali mwaka 1963, unasema katika kifungu cha 22 kwamba kwa elimu ya juu ya ile ya msingi mkimbizi atendewe vizuri kadiri inavyowezekana, na kwa vyovyote asitendewe vibaya kuliko wageni kwa jumla walio katika hali ileile. Kifungu hicho kinataja kutambuliwa kwa vyeti vya nje, kusamehewa ada na kupewa ufadhili. Hakikuhakikishii chochote cha bure. Lakini kinakupa haki ya kuuliza chuoni, kwa adabu: "Je, mkimbizi analipa ada ya mgeni au ya mwenyeji?" Uliza swali hilo kabla ya lingine lolote, maana tofauti inaweza kuwa kubwa.

WALIOREJEA

Aliyerejea ni raia. Anaomba Chuo Kikuu cha Burundi au École Normale Supérieure, inayofundisha walimu, kama Mrundi mwingine. Mwaka 2017 Serikali iligeuza msaada wa fedha kwa wanafunzi wa vyuo vyake kuwa mkopo. Basi unapoambiwa kuna fedha za Serikali, uliza kama zitarudishwa, na lini. Mikopo ya Bodi ya Tanzania, HESLB, ni kwa Watanzania peke yao, hata kama wewe ulizaliwa na kukulia Kigoma.

FANYENI HESABU YOTE

Wazazi wengi huuliza ada tu. Tuchukue mfano, bei hizi si za chuo chochote, ni za kuonyesha njia. Ada ni faranga 700,000 kwa mwaka na uandikishaji ni 50,000. Chumba ni 60,000 na chakula 120,000 kwa mwezi, kwa miezi 10. Mwaka mmoja unafika 2,550,000. Shahada ya kwanza nchini Burundi ni ya miaka 3, kwa hiyo jumla ni 7,650,000. Ada peke yake ni 2,100,000, yaani chini ya theluthi moja.

Sasa chuo cha Bujumbura kinakupa punguzo la nusu ya ada. Umeokoa 350,000 kwa mwaka. Chuo kingine hakipunguzi kitu, lakini kiko mji anaokaa shangazi yako, naye amekubali ulale na kula kwake. Hapo umeokoa 1,800,000 kwa mwaka. Kwa familia nyingi msaada mkubwa kabisa unatoka kwa ndugu, na hautangazwi popote. Kaeni kikao cha familia, mzungumze na shangazi huyo waziwazi: ni kwa miaka mingapi, na mwanafunzi atachangia nini nyumbani. Ahadi iliyotolewa kwa haraka siku ya sherehe huvunjika mwezi wa tatu.

Chuo kikisema kinatoa punguzo, omba liandikwe. Uliza kama ni la mwaka wa kwanza tu au la miaka yote, kama linakatika ukishindwa somo moja, kama ada inaweza kupanda katikati, na kama watashika diploma yako ukibaki na deni. Uliza pia kama chuo na tawi hilo vimekubaliwa na Tume ya Taifa ya Elimu ya Juu. Ada ndogo ya chuo kisichotambuliwa ni fedha iliyotupwa ziwani.

Kuhusu masomo kwa intaneti: University of the People, iliyoanzishwa mwaka 2009, haitozi ada ya masomo, ila kuna malipo kwa kila somo, mwenye shida anaweza kuomba asaidiwe malipo hayo. Hufundisha kwa Kiingereza. Kwa kijana aliyesoma kwa Kifaransa Uvira au Nyarugusu, hilo ni jambo la kupima kwanza, pamoja na umeme na bei ya intaneti nyumbani. Vyuo vya Burundi hufundisha kwa Kifaransa, na hapo tayari una faida.

Akiba yako inaweza pia kuwa shule ya ufundi: umeme, ushonaji, ufundi wa injini za mitumbwi. Mafunzo huwa mafupi, na mwenye kipato anaweza kuomba chuo kikuu baadaye.

ONYO

Huduma za HCR na za washirika wake ni bure. Mtu akikuomba fedha ili "akupitishie" ufadhili, ni mwizi, hata kama ana kofia au fulana yenye nembo. Usimpe diploma yako halisi.

Kabla ya kufika ofisini, tayarisha diploma au karatasi ya matokeo, ripoti za shule za miaka ya mwisho, na kitambulisho cha mkimbizi au karatasi ya kurejea. Piga kopi mbili za kila kimoja. Aliyesoma Kongo aulize mapema utaratibu wa kulinganisha diploma yake na ya Burundi, kwa sababu huchukua muda. Aliyesajiliwa kambini ahakikishe na ofisi ya ONPRA kuhusu kibali cha kuishi nje ya kambi wakati wa masomo. Njoo na majina ya vyuo visivyopungua vitatu, na kimoja kiwe kile ambacho baba na mama wamekwisha kukifanyia hesabu.