Ndoo ya mchagua karanga

Sokoni hapa Dodoma karanga zilizopangwa kwa mafungu zinapendeza. Kilichonisimamisha ni ndoo iliyokuwa nyuma ya mama anayezichagua.

Ungo uko mapajani. Mkono mmoja unapeta, mwingine unachomoa, haraka kuliko jicho la mgeni. Zilizosinyaa, zilizotobolewa, zenye unga wa kijani: zote ndooni. Yenye mashaka anaing'ata ncha, anatema. "Mbovu ni chungu. Ulimi haunidanganyi."

Laiti ingekuwa hivyo. Sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, haina ladha, na kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa nafaka yenye sumu hiyo, 20 wakafariki. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini.

"Shida inaanzia kwenye maji," anasema. "Karanga kavu ukizibangua kwa mkono, vidole vinachubuka. Basi watu wanazimwagia maji ganda lilainike. Wengine wanapenda na uzito wake. Zinafungwa hivyohivyo kwenye gunia. Ukija kufungua, zina joto kama mtu mwenye homa."

Kitambaa alichojifunga puani kimegeuka rangi ya vumbi. Jioni kifua humbana, anasema, kisha anaendelea kupeta.

Za ndooni je, zinatupwa?

"Nizitupe? Zinapimwa, mdogo wangu. Mzigo ukipungua, nakatwa mimi."

Zinarudi kwa mwenye mzigo. Halafu?

"Wa chakula cha kuku wanakuja. Na wa mashine."

Wa mashine ni wasagaji. Karanga ikishakaangwa na kusagwa, hata mama huyu hawezi kuichambua tena; nzima na mbovu zote rangi moja. Ndiyo tunayoungia mchicha. Ndiyo inayotiwa kwenye uji wa lishe wa mtoto ambaye kliniki imesema uzito wake haupandi. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu mikrogramu 10 tu za sumukuvu kwa kilo, lakini nani anapima sado ya karanga za kusaga?

"Mimi za nyumbani nasaga hizi," anasema, akigonga ungo. "Nimezichagua mwenyewe."

Mwenye mzigo sikumkuta. Msagaji wa jirani alinihakikishia kuwa zake ni safi: huletewa zikiwa zimekwisha kukaangwa. Anayemletea ni nani, hakutaka kusema.